Greda Inayotosha Kwenye Dawati

Haya ni maneno ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti alipozungumza na wazazi, walimu wa sekondari msingi na wakufunzi wa vyuo vya ufundi katika ukumbi wa maktaba wakati wa likizo ya Agosti. Tumeyachapisha kama alivyoyatoa.



Mmenizoea nikiwasomea taarifa. Barabara fulani itafungwa, zahanati fulani itafunguliwa, maoni kuhusu bajeti yatapokelewa mpaka Ijumaa. Leo sina taarifa. Nimekuja na greda hii mnayoiona mezani, na nitaomba mtu asiiguse mpaka nimalize, maana waya wake mmoja umelegea.

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana baada ya mvua ya masika, greda ya kaunti ilipita kwenye barabara moja ya changarawe katika wadi ambayo sitaitaja. Ilipoondoka, simu zikaanza. Wakazi walisema tumewaharibia barabara: tumekwangua udongo wa mbele ya malango yao, tukaurundika katikati, tukaenda zetu. Nikatumwa nieleze. Nikaandika karatasi ya kurasa mbili, nikaichapisha nakala 200, nikaenda nayo barazani. Ndani yake nilikuwa nimeandika maneno kama “mwinamo wa kando” na “utiririshaji wa maji ya juu”. Mzee mmoja aliipokea kwa heshima, akaikunja mara mbili, akaanza kujipepea nayo. Mwishowe akasimama akaniambia, “Binti yangu, umesoma, na maneno yako ni mazuri. Lakini mimi naona udongo wangu uko katikati ya barabara.”

Baraza likacheka. Nami nikacheka, ila njiani kurudi sikuwa na kicheko. Nina digrii ya uanahabari na nilikuwa nimeshindwa kueleza mgongo wa barabara.

Mwanangu ana ndoo ya matofali ya Lego. Mengi ni ya mitumba. Nilikuwa nikiyaokota kidogo kidogo sokoni kwa wauza vichezeo, yakiwa yamechanganyika na vichwa vya wanasesere na magurudumu ya magari yaliyovunjika. Mota mbili na kisanduku cha betri aliletewa na mjomba wake anayeishi Ujerumani. Usiku ule nilimkuta amejenga kitu chenye magurudumu sita, nikamuuliza ni nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. “Greda, Mama.”

Kwa wasioyajua matofali haya, historia yake ni fupi. Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 na seremala, Ole Kirk Kristiansen, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark, na mwanzoni vichezeo vyake vilikuwa vya mbao. Tofali la plastiki lenye vinundu juu na mirija ndani, hili linaloshikana bila gundi, liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na tofali la wakati huo bado linashikana na la leo. Ndiyo maana mitumba inafaa. Mwaka 1977 ikaja aina ya kiufundi, ambayo sasa inaitwa Technic: mihimili yenye matundu, pini, shafti na gia. Mwaka 2007 ukaja mfumo wa umeme wa Power Functions, na mota zetu ni za mfumo huo. Mwaka 2019 wakatoa ekskaveta ya Liebherr R 9800 yenye vipande 4,108 na mota 7. Ni mashine ya kupendeza sana. Haitoshi kwenye dawati pamoja na daftari la mwanafunzi, na bei yake sitaitaja mbele ya wazazi.

Mimi nilitaka kitu cha kubeba kwenye mkoba hadi barazani, kiwe na nguvu ya kusukuma mchanga kweli. Nilidhani itanichukua wikendi moja. Ilituchukua miezi miwili, mimi, mwanangu, na kikundi cha wanafunzi wanaokuja hapa maktabani siku za Jumamosi.

Ugumu wenyewe ni huu. Unapounda mashine ndogo, unaweza kupunguza kibanda cha dereva, ukapunguza magurudumu, ukapunguza bledi. Mota haipungui. Matofali haya hupimwa kwa vinundu, na kutoka kinundu kimoja hadi kingine ni milimita 8. Mota yetu ina upana wa vinundu 3 na urefu wa 6, yaani milimita 24 kwa 48. Kisanduku cha betri kina upana wa vinundu 4 na urefu wa 8, na kinameza betri sita nyembamba, zile za rimoti ya televisheni, ili kupata volti 9. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyoamua ukubwa wa mashine yako. Wewe unabaki kuvipangia chumba.

Tulianza na bledi. Bledi ya greda nyingi za kazi ina urefu wa mita 3.7 hivi. Bledi yetu ina vinundu 16, sawa na milimita 128. Ukigawanya, greda yetu ni ndogo mara 29 kuliko ile ya barabarani. Kwa kipimo hicho gurudumu la milimita 43 linakaribia kabisa saizi inayotakiwa, na tulikuwa nayo sita yanayofanana, jambo ambalo kwenye ndoo ya mitumba ni bahati.

Kisha nikafanya kosa. Niliona pua ya greda ni ndefu bila sababu. Mnaijua: kibanda na injini viko nyuma, halafu shingo ndefu inanyooka mpaka magurudumu mawili ya mbele, na bledi inaning'inia katikati. Nikasema, tukikata shingo hiyo, tumepata mashine ndogo nzuri. Tukaikata ikabaki vinundu 15 kutoka magurudumu ya mbele mpaka ya nyuma. Ilipendeza machoni. Tukaiweka kwenye karai la mchanga, ikapita, na nyuma yake ikaacha mawimbi kama bati la mabati.

Aliyetueleza ni fundi seremala, baba ya mmoja wa wanafunzi, aliyekuja kumchukua mtoto. Aliitazama kidogo akauliza, “Kwani nyinyi mnapiga randa kwa randa fupi?” Randa fupi hushuka bondeni na kupanda kilimani pamoja na ubao. Randa ndefu hulala juu ya vilima viwili na kuvikata mpaka vilingane na bonde. Greda ni randa. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, bledi iliyo katikati hupanda nusu tu ya kimo hicho. Na nyuma, magurudumu manne hufungwa mawilimawili kwenye mkono unaochezacheza kama pima ya mizani, ili gurudumu moja likipanda, mwili wa mashine upande nusu. Kwa hiyo ile shingo niliyoiona haina kazi ndiyo kazi yenyewe. Tukairudisha mpaka vinundu 26, sawa na mita 6 hivi za greda halisi, na mawimbi yakaisha.

Mwalimu yeyote hapa anayefundisha Masomo ya Awali ya Kiufundi atanielewa nikisema kwamba siku ile tulijifunza zaidi kwa mashine iliyoharibika kuliko tungejifunza kwa iliyofaulu.

Baada ya urefu, upana. Hapa naomba wanafunzi wahesabu pamoja nami. Greda halisi ina upana wa mita 2.5 hivi, na kwa kipimo chetu hiyo ni vinundu 11. Magurudumu ya nyuma ni mazito, kila upande unakula vinundu 3. Toa 6 kwenye 11, zinabaki 5. Ile mikono inayochezacheza, yenye gia zake, inakula kimoja kila upande. Zinabaki 3. Na mota ina upana wa ngapi? Tatu kamili. Yaani mota inaingia, lakini hakuna nafasi hata ya mhimili mmoja wa kuishikilia. Tuliitazama hesabu hiyo Jumamosi nzima.

Jibu lilitoka kwa msichana mmoja wa Gredi ya 8, ambaye ameniomba nisimtaje na sitamtaja, ila anajificha nyuma ya mwalimu wake sasa hivi. Alisema, “Kwani lazima ilale?” Mota ikasimamishwa wima, juu ya magurudumu, mahali palepale injini ya greda halisi inapokaa. Kutoka kwenye mota ikashuka shafti yenye gia iliyoumbwa kama parafujo, ikaushika mhimili wa magurudumu kwa gia ya meno 24.

Hii gia ya parafujo ningeomba muiangalie kwa karibu baadaye, kwa sababu inafanya kazi tatu kwa mpigo. Kwanza inageuza mwelekeo: mzunguko unaoshuka kutoka juu unakuwa mzunguko wa mhimili uliolala. Pili inapunguza kasi, kwani kila inapozunguka mara moja, gia ya meno 24 inasogea jino moja tu. Mota yetu huzunguka mara 400 hivi kwa dakika ikiwa haina mzigo, kwa hiyo gurudumu linapata mizunguko kama 17, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Greda inatembea chini kidogo ya sentimita 4 kwa sekunde. Kuza mara 29, utapata kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mama anayetoka kisimani, na ndivyo greda inavyotembea ikiwa kazini. Tatu, haikubali kurudishwa nyuma. Zima mota greda ikiwa mlimani, itasimama hapohapo bila breki. Kwa sababu hiyohiyo tuliitumia tena kwenye mota ya pili inayoinua bledi. Ukiiacha mahali, inabaki hapo. Kwenye magreda mengi halisi, ule mduara mkubwa unaoigeuza bledi nao huzungushwa na gia ya namna hii.

Ina ubaya wake. Inakula nguvu kwa msuguano, na inapozungusha gia nyingine hujisukuma yenyewe kwenye shafti. Yetu ilipanda juu polepole mpaka ikaachana na meno, mota ikawa inalia na magurudumu yamesimama. Dawa ni kuibana juu na chini kwa vizuizi, na kuhakikisha kila shafti imeshikiliwa pande zote mbili. Shafti iliyoshikwa upande mmoja hupinda kidogo, meno yanarukana, na ukisikia ule mlio wa tak-tak-tak ujue plastiki inalika. Kwenye bledi tuliweka gia nyeupe yenye meno 24 ambayo katikati yake huteleza nguvu ikizidi. Imeandikwa kabisa ubavuni 2.5 hadi 5 Ncm. Bledi ikifika mwisho, gia hiyo inateleza na mota inanusurika.

Magurudumu manne ya nyuma yalitukalia vizuri kuliko tulivyostahili. Gurudumu la milimita 43 linahitaji vinundu 6 ili lisigusane na mwenzake, yaani 3 kutoka katikati ya mkono. Na gia mbili za meno 24 zikiumana, umbali kati ya shafti zake ni vinundu 3 kamili. Gia moja katikati, moja kila gurudumu, zile za magurudumu zote zinazunguka upande mmoja, na mkono unacheza juu ya shafti ileile inayoleta nguvu. Sikuamini mpaka nilipoishika.

Usukani hatukuuwekea mota. Kuna kitufe juu ya paa, unakizungusha kwa vidole. Pembe ya bledi pia inapangwa kwa mkono, kwa kuhamisha pini. Mtu akiniambia hiyo si mashine kamili nitamkubalia, na nitamwomba alete mota ya tatu na nafasi ya kuiweka.

Tukaenda barazani. Mkutano ulikuwa saa nane mchana, jua la utosi, chini ya mwembe usio na majani ya kutosha. Nikaweka karai la mchanga mezani, nikawasha, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena. Mzee wangu wa mwaka uliotangulia yuko safu ya mbele, mikono juu ya bakora. Rimoti za mfumo huu hutumia mwanga usioonekana kwa macho, kama ya televisheni, na kwenye jua kali kipokezi hupofuka. Ndani ya nyumba ilikuwa imefanya kazi mara hamsini. Mwanangu akavua shati la shule akalifunika meza, na chini ya shati hilo greda ikatembea, ikawa mimi peke yangu ndiye ninayeiona.

Tuliomba radhi, tukapewa siku nyingine, wiki mbili mbele. Tukarudi maktabani tukatoa kipokezi na kisanduku cha betri nje kabisa ya greda, tukakishika mkononi kwa waya mrefu wenye swichi, kama modeli za zamani zilivyokuwa. Mashine ikapungua, ikapendeza zaidi. Kisha ikagoma kusukuma. Betri ndizo zilizokuwa uzito juu ya magurudumu ya nyuma, na bila uzito yalizunguka mahali pamoja. Tukajaza nati nne za lori pale injini inapokaa, na wanafunzi wakabandika vipande vya kandambili kuukuu juu ya matairi. Bledi ya plastiki nayo haikuukata mchanga wenye unyevu, ikabadilishwa kwa kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia kilichopinduliwa ukingo ili kisikate vidole. Hivyo ndivyo mnavyoiona leo: gia za Denmark, viatu vya sokoni, bledi ya jikoni.

Mara ya pili ilitembea. Tulitengeneza barabara mbili kwenye karai, moja tambarare, nyingine greda ikaipitia kutoka kila ukingo ikivuta mchanga kuelekea katikati. Kisha nikamwomba mzee mwenyewe amwage maji kwa kikombe. Kwenye ile tambarare maji yalisimama katikati, na tulipopitisha gari la kuchezea likazama. Kwenye ile yenye mgongo yalikimbilia kando. Nikasema kwamba barabara yenye upana wa mita 6 ikipewa mwinamo wa asilimia 5, katikati inakuwa juu ya kingo kwa sentimita 15, na udongo wa kupata kimo hicho unatoka kando. Hapakuwa na haja ya karatasi.

Mzee aliinama akatazama maji kwa muda mrefu. Akafuata kwa kidole chake mahali yalipokwenda, mpaka ukingo wa karai, ambako yalikuwa yamejikusanya na kuanza kuula mchanga wa pembeni. “Nimeelewa,” akasema. “Sasa binti, kwangu maji haya yanaingia wapi? Mbona mtaro hamkuchimba?”

Mhandisi wa wadi alikuwa nyuma yangu. Mtaro haukuwa umechimbwa. Greda ilikuwa imepita peke yake, na kazi ya mitaro ilikuwa imeachwa kwa robo nyingine ya mwaka wa fedha. Maji yaliyotoka barabarani yalikuwa yakiingia kwenye malango yaleyale. Malalamiko ya mwaka uliotangulia yalikuwa na haki kuliko karatasi yangu ilivyokubali, na nilisema hivyo hapohapo mbele ya watu, na nimeandika hivyo kwenye ripoti. Mtaro wa upande mmoja umekamilika. Wa pili uko kwenye ratiba, na mwenye swali kuhusu tarehe aje ofisini kwangu, nitamwonyesha karatasi yenyewe.

Sasa kwenu wazazi. Najua mnachowaza: hivi ni vichezeo vya watoto wa matajiri. Kwa bei ya dukani, ni kweli. Lakini watoto wetu wamekuwa wakijenga magari ya waya tangu sisi tukiwa wadogo, yenye usukani mrefu wa fimbo na magurudumu ya soli za kandambili, na aliyewahi kupinda waya akapata usukani unaogeuza magurudumu mawili pamoja ameshavuka somo gumu kuliko yote. Tofauti ya matofali haya ni kwamba matundu yako umbali sawa daima, kwa hiyo hesabu inakuja yenyewe, na ukikosea unabomoa bila kupoteza kitu. Kikundi chetu kina ndoo moja na mota mbili kwa wanafunzi 14. Wanagawana kwa zamu. Anayengoja mota anajenga kwa waya na mbao, na mara mbili kile cha waya kimehamia kwenye greda kwa sababu kilikuwa bora.

Wakufunzi wa vyuo vya ufundi, vyuo hivyo viko chini ya kaunti, na baadhi yenu mna karakana zinazokaa kimya Jumamosi. Nawaomba saa tatu za asubuhi, si fedha. Kuna wanafunzi hapa wanaojua gia inafanya nini na hawajawahi kuona gia ya chuma ikifunguliwa.

Betri ni gharama tusiyoikwepa. Tumehamia za kuchajiwa. Sita zinatoa volti 7.2 badala ya 9, greda inaenda polepole zaidi, na hakuna aliyelalamika. Betri zilizokufa zisitupwe shimoni. Tuna kopo mlangoni.

Yule msichana wa Gredi ya 8 ameanza ekskaveta ya kuchimba mtaro, kwa kipimo kilekile cha greda. Mkono unainuka, ndoo inageuka, lakini bado hajapata jinsi ya kuuzungusha mwili wa juu bila waya kujisokota. Mwenye wazo amwone baada ya chai. Na mota ya bledi msiitafute kwenye greda leo, ameiazima.